Amplitudi: safari ya neno kutoka kwa wasemaji wa Roma hadi kompyuta za kwanta

Leo tuweke programu kando kidogo tuzungumze kuhusu neno. Neno lenyewe ni la Kiingereza, "amplitude", nami hapa nitaliandika kwa tahajia yetu: amplitudi. Kama ulisoma fizikia sekondari bila shaka unalikumbuka. Ni umbali mkubwa kabisa ambao kitu kinachotetema hufika kutoka mahali pake pa kutulia. Ulichora wimbi lako, ukapitisha mstari katikati, ukaweka mshale kutoka kwenye mstari hadi kileleni, ukapewa alama mbili na maisha yakaendelea.

Lakini fungua kamusi kubwa ya Kiingereza utaona kwamba neno hilohilo lina makao mengine. Mhakiki wa fasihi anaweza kuisifu riwaya kwa amplitudi yake, akimaanisha kwamba ina nafasi, ina upana, inabeba watu wengi na mambo mengi bila kubanana. Mtu naye anaweza kusifiwa kwa amplitudi ya akili, au ya moyo. Hapo hakuna wimbi wala mshale.

Mara nyingi tunafikiri kwamba katika hali kama hii maana ya sayansi ndiyo "halisi", na ile ya washairi ni mapambo tu. Ukifuata historia utaona mambo hayako hivyo. Wasemaji na washairi walikuwa na neno hili kwanza. Wanasayansi walilichukua likiwa limetumika miaka mingi, wakalipa kazi mpya. Na katika kila kazi liliyopewa, swali lililoulizwa ni lilelile: unaweza kwenda mbali kiasi gani kutoka katikati, na nini hutokea ukizidisha? Naamini jambo hili linatuhusu sana sisi tunaotaka kuandika sayansi na programu kwa Kiswahili. Nitafika huko. Kwanza twende Roma.

Wasemaji wa Roma

Kilatini kina neno "amplus", maana yake pana, kubwa, chenye nafasi. Kutokana nalo likaja "amplitudo", yaani upana. Warumi hawakulitumia kwa viwanja na majumba tu. Cicero, mwanasheria na mwanasiasa aliyeishi kuanzia mwaka 106 hadi 43 kabla ya Kristo, alilitumia pia kwa ukuu wa nafsi. Mtu mwenye amplitudo alikuwa mtu mzito, mwenye hadhi, ambaye mambo madogo hayamtikisi.

Neno hilo lina ndugu yake, "amplificatio", yaani kukuza. Hili lilikuwa somo kamili katika elimu ya balagha. Wale mliosoma fasihi mnakumbuka maswali ya balagha, takriri na chuku. Basi Quintilian, mwalimu mkubwa wa balagha wa karne ya 1, alieleza katika kitabu cha nane cha kazi yake ndefu kuhusu malezi ya msemaji kwamba kuna njia nne za kukuza jambo. Ya kwanza ni kupanda ngazi kwa ngazi. Ya pili ni kulinganisha. Ya tatu ni kumwachia msikilizaji akisie mwenyewe ukubwa wa jambo. Ya nne ni kurundika maneno na hoja mpaka zifanye mlima.

Hebu nitoe mfano wangu wa ile ya kwanza. Mtu ameiba kuku. Hilo ni kosa. Ameiba kuku wa mjane. Hilo ni aibu. Ameiba kuku wa mjane aliyempa malazi usiku wa mvua. Hapo hata neno la kumwita hulipati. Kuku ni yuleyule mmoja, lakini kila hatua imetupeleka mbali zaidi na mahali tulipoanzia. Zingatia hilo la "mbali na mahali tulipoanzia", tutalihitaji baadaye.

Ufundi huu ulidumu. Mwaka 1512 Erasmus wa Rotterdam alichapisha kitabu kuhusu wingi wa maneno, ambacho alikitayarisha kwa ajili ya shule ya St Paul's ya London iliyoanzishwa na rafiki yake John Colet. Ndani yake alichukua sentensi moja ya kawaida, ya kumwambia rafiki kwamba barua yake imekupendeza, akaisema kwa namna zaidi ya 100. Vijana wa Ulaya wa karne ya 16 walilelewa kwa mazoezi ya aina hiyo. Ndiyo karne ambayo neno amplitudi liliingia katika Kiingereza, na lilipoingia lilikuwa na maana ya kawaida tu: upana, ukubwa, wasaa.

Mabaharia na jua la asubuhi

Kazi ya kwanza ya kisayansi ambayo neno hili lilipata katika Kiingereza haikuhusu mawimbi. Ilihusu jua.

Ukikaa ufukweni Mombasa au Lamu mwaka mzima ukaangalia jua likichomoza, utaona kwamba halitoki mahali pamoja. Mwezi Machi na Septemba linatoka mashariki kamili. Mwezi Juni linatoka nyuzi 23 na nusu hivi kaskazini ya mashariki. Mwezi Desemba linatoka nyuzi kama hizo kusini ya mashariki. Umbali huo, kutoka mashariki kamili hadi mahali jua linapochomoza, ndio mabaharia wa Kiingereza wa karne ya 17 waliuita amplitudi. Jioni hufanyika vivyo hivyo kwa upande wa magharibi. Kadiri unavyokwenda mbali na ikweta upana huongezeka. Kwa London unafika karibu nyuzi 40 kila upande.

Kwa nini baharia ajali? Kwa sababu ya dira. Sindano ya dira haielekei kaskazini ya kweli, inaelekea kaskazini ya sumaku, na tofauti hubadilika kutoka mahali hadi mahali. Katikati ya bahari huna mlima wala mnara wa kukusahihisha. Lakini jua lipo. Tuseme uko kwenye ikweta mwishoni mwa Desemba. Majedwali yanakuambia jua litachomoza nyuzi 23.4 kusini ya mashariki. Unapima kwa dira yako, inasema nyuzi 30. Basi dira yako inakosea kwa nyuzi 6.6 na sasa unajua. Hesabu ya namna hii ni miongoni mwa zile alizotegemea Edmond Halley (ndiyo, yule wa kimondo) alipozunguka Atlantiki katika meli iitwayo Paramore kuanzia 1698 hadi 1700. Mwaka 1701 akachapisha ramani ya bahari hiyo ikionyesha kwa mistari jinsi dira inavyopotoka.

Kuna jambo hapa litakalompendeza msomaji wa Kiswahili. Wanajimu walioandika kwa Kiarabu katika zama za kati walikuwa na jina la kipimo hikihiki: "sa'at al-mashriq". Mashriq mnaijua, ndiyo mashariki yetu, mahali pa kuchomoza. Na "sa'a" hapa haina uhusiano na saa ya mkononi. Inatokana na mzizi mwingine, ule uliotupa neno wasaa na kivumishi wasii, yaani upana na nafasi. Jina zima ni kama kusema "wasaa wa mashariki". Wengi wanajua kwamba sayansi ya Ulaya ilichukua maneno ya Kiarabu jinsi yalivyo, kama aljebra. Hapa maana ya neno la Kilatini na ya neno la Kiarabu zinalingana kabisa: upana.

Angalia pia jinsi kipimo kinavyofanya kazi. Kuna mahali pa katikati, yaani mashariki kamili. Kuna kwenda upande mmoja hadi mwisho, kisha kurudi, kisha kwenda upande wa pili. Jua la asubuhi ni kama bembea linalochukua mwaka mzima kwenda na kurudi. Neno lilikuwa tayari kwa kazi iliyofuata.

Miaka mitatu: 1671 hadi 1674

Kazi iliyofuata ilihusu saa za ukutani. Mwaka 1602 Galileo aliandika katika barua kwamba kitu kinachoning'inia kwenye uzi huchukua muda uleule kwenda na kurudi, kiwe kinabembea sana au kidogo. Ni wazo zuri sana. Ikiwa ni kweli, una saa: hesabu tu mabembeo. Mwishoni mwa 1656 Mholanzi Christiaan Huygens alitengeneza saa inayotumia wazo hilo, na ikazishinda kwa mbali saa zote za kabla yake.

Tatizo ni kwamba Galileo alikuwa karibu sawa, si sawa kabisa. Bembeo pana huchukua muda mrefu kidogo kuliko jembamba. Nimepiga hesabu hizi kwa kompyuta na wewe unaweza kuzirudia. Tulinganishe na bembeo dogo mno. Pendulumu inayokwenda nyuzi 5 kila upande itachelewa sekunde 41 kwa siku. Ikienda nyuzi 10, itachelewa sekunde 165 hivi. Ikienda nyuzi 30, itachelewa dakika 25. Saa ya namna hiyo hata muadhini hawezi kuitegemea.

Huygens alilifanyia kazi jambo hili kwa miaka, na mwaka 1673 akachapisha mjini Paris kitabu chake kikubwa kuhusu saa za pendulumu. Alikuwa amegundua kwamba pendulumu ikifuata mkunjo fulani maalumu, badala ya tao la duara, muda wa bembeo hautegemei tena amplitudi. Akaweka vipande viwili vilivyopinda, kimoja kila upande wa uzi, ili uzi uviegemee na kufupika kadiri unavyokwenda mbali. Mafundi wa saa hawakuipenda sana njia hiyo. Wao waliona ni rahisi zaidi kuhakikisha pendulumu inabembea nyuzi chache tu. Ukiitazama saa ndefu ya zamani, ile yenye kabati, utaona bembeo lake ni la adabu sana.

Sasa angalia kilichokuwa kikiendelea kwingine katika miaka hiyohiyo. Mwaka 1671, mjini London, mshairi John Milton, akiwa kipofu, alichapisha utenzi wake Paradise Regained. Ndani yake alitumia neno amplitudi kueleza akili ya Yesu, na aliyepewa maneno hayo ayaseme ni Ibilisi mwenyewe, akiwaonya wenzake kwamba safari hii wamepata mpinzani wa namna nyingine. Na mwaka 1674, mjini Paris, mwaka mmoja baada ya kitabu cha Huygens, Nicolas Boileau alichapisha kwa Kifaransa tafsiri ya maandishi ya kale ya Kigiriki kuhusu ukuu katika lugha, ambayo kwa desturi husemwa ni ya Longinus.

Longinus ana hoja ambayo nikiisoma naona kana kwamba anazungumza na mafundi wa saa. Anasema walimu wa balagha wanachanganya mambo mawili, kukuza na ukuu. Kukuza kunahitaji wingi siku zote. Ukuu unaweza kukaa katika wazo moja tu, kwa sababu ni suala la kimo. Anaongeza kwamba kukuza kusiko na ukuu ni kama mwili usio na roho. Kwa lugha ya fizikia yetu ya sekondari (hii ni tafsiri yangu mimi, si yake), wimbi linaloenda juu na chini mara elfu kwa sekunde si lazima liwe na amplitudi kubwa. Mara ngapi ni jambo moja. Umbali gani ni jambo lingine. Sote tumewahi kukaa mkutanoni tukimsikiliza mheshimiwa ambaye maneno yake ni mengi na wazo lake halijasogea hata hatua moja kutoka lilipokuwa limekaa.

Sidai kwamba Milton, Huygens na Boileau waliketi meza moja. Ninachosema ni kwamba katika miaka mitatu, katika miji miwili, mshairi alikuwa anatumia neno kwa akili, fundi alikuwa anapambana na upana wa bembeo, na mhakiki alikuwa anauliza kipi hasa kinachofanya maneno yawe makuu. Hakukuwa na ukuta kati ya nyumba hizi. Tumeujenga sisi baadaye.

Sauti, mwanga na redio

Karne ya 19 ndiyo iliyolifunga neno hili kwenye mawimbi. Mfaransa Augustin Fresnel alionyesha, katika kazi iliyoshinda tuzo ya chuo cha sayansi cha Paris mwaka 1819, kwamba mwanga unaweza kuelezwa kama wimbi. Ili kujua mwanga utakaoonekana mahali fulani hujumlishi ung'avu. Unajumlisha mitetemo kwanza, ukizingatia kwamba mingine iko juu na mingine iko chini na inaweza kuuana, kisha ung'avu unafuata mraba wa amplitudi. Amplitudi ikiongezeka mara 2, ung'avu unaongezeka mara 4. Naomba uikumbuke hesabu hiyo ya mraba.

Mwaka 1863 Mjerumani Hermann von Helmholtz alichapisha kitabu chake kuhusu hisi za sauti na muziki. Alitenganisha mambo matatu ambayo sikio husikia: sauti ni nyembamba au nzito, ni kubwa au ndogo, na rangi yake, ile inayokuwezesha kujua kama ni zumari au ni fidla. La kwanza linategemea mitetemo ni mingapi kwa sekunde. La pili linategemea amplitudi. La tatu linategemea umbo la wimbi. Na miaka mitatu tu kabla ya hapo, mwaka 1860, mshairi wa Marekani Walt Whitman alikuwa ametumia neno amplitudi katika shairi lake Kosmos, akizungumzia upana wa dunia na mtu anayeweza kuubeba ndani yake bila kuchagua. Yaani neno lilipokuwa linafungwa maabara huku, kule lilikuwa bado linatembea huru.

Halafu ikaja redio. Herufi AM mnazoziona kwenye redio za zamani zinatokana na neno hili. Kituo hurusha wimbi lenye kasi isiyobadilika, na sauti ya mtangazaji hupandishwa juu yake kwa kuongeza na kupunguza amplitudi. Mjenzi wa njia hii alikuwa Reginald Fessenden, mzaliwa wa Kanada, aliyefaulu kurusha sauti ya mtu bila waya umbali wa maili moja huko Maryland, Marekani, mwezi Desemba 1900.

Wengi wa Afrika Mashariki tulipokea dunia kwa njia hiyo. BBC ilipoanza kutangaza kwa Kiswahili tarehe 27 Juni 1957, matangazo ya masafa mafupi yalikuwa ya AM. Wazee wanaikumbuka ile milio: sauti inakuja na kuondoka, na radi ikipiga, redio nayo inapiga. Sababu yake ni rahisi. Radi nayo hutoa mawimbi, na mawimbi hayo hujiongeza kwenye amplitudi ya wimbi la kituo. Redio haiwezi kujua kipande kipi ni habari na kipi ni radi. Ndiyo maana Edwin Armstrong, katika hati zake za ubunifu za mwaka 1933, aliiacha amplitudi itulie akabadilisha kasi ya mtetemo badala yake. Hiyo ndiyo FM.

Hapa pia kuna mpaka wa kuzidisha. Fundi wa AM akipandisha sauti mno, amplitudi ya wimbi inasukumwa chini mpaka kwenye mstari wa katikati na kutaka kuuvuka. Hapo umbo linavunjika na msikilizaji anasikia makelele. Sisi wa kompyuta tuna mpaka wetu. Katika santuri ya CD, iliyoanza kuuzwa mwaka 1982, sauti hupimwa mara 44,100 kwa sekunde na kila kipimo huandikwa kama namba kati ya -32,768 na 32,767. Katikati ni sifuri, yaani kimya. Ukirekodi kwa sauti ya juu mno, kilele cha wimbi kinagonga 32,767 na kukatwa kama nywele kwa mkasi. Kilichokatwa hakirudi, hata ukipunguza sauti baadaye.

Amplitudi isiyo ya kitu chochote

Mwaka 1926 neno lilipata kazi ya ajabu kuliko zote. Erwin Schrödinger alikuwa ametoa mlinganyo wa mawimbi kwa elektroni, lakini hakuna aliyekuwa na uhakika ni kitu gani hasa kinachotetema. Max Born alipendekeza kwamba si kitu. Wimbi hilo linahusu uwezekano wa kuikuta elektroni mahali fulani. Katika makala yake ya kwanza aliandika kana kwamba uwezekano ni amplitudi yenyewe, kisha katika tanbihi aliyoongeza wakati wa kusahihisha kabla ya kuchapwa, akasema ukifikiri vizuri zaidi ni mraba wake. Ni ile hesabu ya Fresnel imerudi. Mwaka 1954 Born alipewa Tuzo ya Nobel, na hoja hiyo ilikuwa sababu kubwa.

Uwezekano wa kawaida hauwezi kuwa chini ya sifuri. Amplitudi inaweza. Kwa hiyo njia mbili ambazo kitu kingeweza kupitia zinaweza kuuana kabisa, jambo ambalo halitokei unaporusha sarafu. Kompyuta za kwanta zinaishi kwa siri hiyo.

Chukua orodha ya vitu 1,000,000 visivyopangwa, na kimoja tu ndicho unachokitafuta. Programu ya kawaida itaangalia kwa wastani vitu 500,000 kabla ya kukipata. Mwaka 1996 Lov Grover alionyesha njia nyingine. Kila kitu kinaanza na amplitudi ya 1 kwa 1,000, maana mraba wake ni 1 kwa 1,000,000. Kila mzunguko wa programu unaongeza kidogo amplitudi ya jibu sahihi na kupunguza za wengine. Baada ya mizunguko 785 hivi uwezekano wa kupata jibu unakaribia hakika.

Lakini usiendelee! Ukifanya mizunguko mingine 785 ukidhani unaongeza uhakika, amplitudi ya jibu inashuka na kurudi karibu na sifuri. Ni bembea. Imefika mwisho wa upande mmoja, sasa inarudi. Mwaka 2000 Gilles Brassard na wenzake watatu waliandika makala ya kuipanua njia hii, na jina walilolitumia, likigeuzwa Kiswahili, ni "kukuza amplitudi". Quintilian angelitambua jina hilo bila kufundishwa kompyuta. Na angekuambia jambo ambalo kila mwanafunzi wa balagha alilijua: ukikuza kupita kiasi, msikilizaji aliyekuwa amekaribia kukuamini anaanza kucheka. Ndiyo maana sisi tunasema mtu ametia chumvi. Chumvi kidogo inakoleza, ikizidi chakula hakiliki.

Na sisi je?

Sasa nifike nilikoahidi. Kazi yangu ni kuandika programu, na moja ninayoiandika kwa muda wangu wa ziada ni ya kuchora mawimbi ya sauti, yenye menyu ya Kiswahili. Maneno mengine si tatizo. Faili ni faili, hifadhi ni hifadhi. Lakini pale pembeni ya mchoro, kwenye mstari unaopanda, niandike nini?

Jibu la haraka ni "ukubwa wa wimbi". Nimelijaribu kwa wanafunzi kadhaa wa sekondari. Niliwaomba wapime ukubwa wa wimbi kwenye skrini. Karibu wote walipima kutoka bondeni hadi kileleni. Na kwa nini wasifanye hivyo? Mtu akikuuliza ukubwa wa nyumba huanzii katikati ya sebule. Jibu lao lilikuwa mara 2 ya amplitudi, na kwa sababu ya ile hesabu ya mraba, nguvu ya wimbi watakayoipiga kutokana nalo itakuwa mara 4. Tafsiri moja isiyofikiriwa, na mtoto amekosa swali zima huku akijua Kiswahili chake vizuri kabisa.

Kilichopotea katika "ukubwa" ni katikati. Wasemaji wa Roma walikuwa na katikati: mahali hoja ilipoanzia. Baharia alikuwa na mashariki kamili. Huygens alikuwa na pendulumu iliyotulia. Redio ina wimbi lake kabla ya sauti kupanda, CD ina sifuri. Amplitudi haijawahi kuwa ukubwa tu. Ni nafasi ambayo kitu kinayo ya kuondoka katikati na bado kikarudi.

Ndiyo maana mimi natamani tulijaribu neno wasaa. Tayari tunasema "sina wasaa", maana yake sina nafasi ya kusogea. Mzizi wake ndio uliotumiwa kwa jua la asubuhi karne nyingi zilizopita, na hadi leo vitabu vya fizikia vya Kiarabu huita amplitudi ya wimbi "sa'a", wasaa wake. "Wasaa wa wimbi" ni fupi, inaingia kwenye menyu, na haimwambii mwanafunzi apime kutoka chini hadi juu. Najua kuna atakayesema wasaa ni neno la muda, au ni la mashairi, halifai sayansi. Lakini amplitudi nayo ilikuwa neno la wasemaji na washairi. Hakuna aliyeliumba maabara. Mabaharia walilihitaji wakalichukua, mafundi wakalichukua, wanafizikia wakalichukua, na washairi hawakunyang'anywa kitu. Kipanya nacho kilikuwa mnyama mdogo wa jikoni kabla ya kukaa juu ya meza zetu, na hakuna anayechanganyikiwa.

Wengine watapendelea tubaki na amplitudi yenyewe, iliyovaa irabu mwishoni. Sina ugomvi nao. Neno la kigeni lina faida moja: halimdanganyi mtu, kwa sababu halimwambii kitu mpaka afundishwe. Neno la kwetu lina faida nyingine: linaanza kufundisha kabla mwalimu hajafungua mdomo. Ila tusichague neno kwa sababu tu lilikuwa la kwanza kwenye kamusi.

Nimekwisha badilisha menyu. Kwenye toleo lijalo la programu yangu mstari ule unaopanda utasomeka "wasaa", na chini yake kwa herufi ndogo "amplitudi", ili yeyote anayejiandaa kwa mtihani asipotee. Mwalimu wa fizikia au wa fasihi anayesoma hapa, lijaribu darasani uone wanafunzi wanapima kutoka wapi, kisha uniambie. Tuonane makala ijayo, panapo majaliwa.